Mafuta ya breki yanapungua, chini hakuna tone: uchambuzi wa kisa cha M35A2

Lori la kisa hiki ni M35A2, lori la jeshi la Marekani lenye ekseli tatu na tairi kumi. Familia ya M35 ilianzia kiwanda cha REO, Lansing, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Kaiser na AM General waliendelea kuitengeneza. Jeshi lililipima kwa mzigo wa tani 2.5 kwenye njia mbaya na tani 5 kwenye lami. Yalitengenezwa mengi mno, na jeshi lilipoyauza kwa mnada yakawa mlango ambao watu wengi wa Marekani wameingilia kwenye kukusanya magari ya kijeshi. Bei yake inafikika, vipuri vipo, na vitabu vya ufundi vya jeshi viko wazi kwa kila mtu.

Mnunuzi mpya huwa na wasiwasi na injini, ile LDT-465 inayochoma aina kadhaa za mafuta, kumbe mara nyingi injini ndiyo inayomsumbua kidogo zaidi. Kinachoweza kumuua ni breki. Hali tunayoichambua tumeijenga kutokana na mambo yanayojirudia kwenye malori haya, na tumeichagua kwa sababu dalili yake humpoteza hata fundi mzoefu.

Hali yenyewe

Lori limenunuliwa kwenye mnada wa mali za serikali, lina fomu ya SF 97, cheti cha serikali ya Marekani cha kuombea hati ya umiliki, na lilikaa yadi kwa miaka. Betri mbili za volti 12 zinafungwa mfululizo kupata volti 24, injini inashika. Upepo wa kompresa unapanda, baza ya onyo inanyamaza mshale unapopita kama psi 60 (paundi kwa inchi ya mraba), na uani breki zinashika vizuri. Baada ya safari chache fupi pedali inaanza kushuka chini kuliko ilivyokuwa. Mwenye lori anafungua kifuniko cha sakafu upande wa dereva, kwa sababu master silinda, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedali, kwenye gari hili imejificha huko chini kwenye chesisi, na anakuta mafuta ya breki yamepungua. Anaingia chini na tochi. Paipu kavu, magurudumu yote sita (ya nyuma yana tairi pacha) makavu upande wa ndani, ardhi kavu. Anaongeza mafuta ya DOT 3, mafuta ya breki ya kawaida, kutoka duka la vipuri na kuendelea na safari zake. Siku chache baadaye, akikaribia makutano, pedali inazama mpaka sakafuni. Lori linasimama kwa kushusha gia na breki ya mkono.

Hapa kuna makosa mawili yaliyopandiana, na tutayatenganisha. La msingi zaidi ni kuendesha gari linalopoteza mafuta ya breki bila kujua yanakwenda wapi. Kwenye gari dogo la kisasa lenye mikondo miwili ya breki, hilo lingekuwa jambo baya tu. Kwenye M35A2 ni hatari ya moja kwa moja, kwa sababu mkondo ni mmoja: master silinda moja, busta moja (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu), kisha paipu zinagawanyika kwenda magurudumu sita. Mpira mmoja wa breki, yaani paipu laini ya raba, ukipasuka popote, magurudumu yote sita yanabaki bila breki kwa pamoja. Lori tupu lina karibu tani 6.

Mafuta yanakwenda wapi

Breki hizi ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo. Fundi aliyewahi kufungua busta ya Fuso au Isuzu za zamani za mfumo huo hatashangazwa na anachokiona hapa. Dereva akikanyaga, master silinda inasukuma mafuta hadi kwenye busta. Mafuta yanapita katikati ya pistoni ndogo yenye valvu na kuelekea kwenye magurudumu. Presha hiyohiyo inasukuma pistoni nyingine ndogo ya kudhibiti, ambayo inafungua njia ya upepo. Upepo unaingia kwenye silinda kubwa na kusukuma pistoni pana. Fimbo ya pistoni hiyo inafunga valvu ya ile pistoni ndogo na kuisukuma mbele kwa nguvu nyingi kuliko mguu wa mtu. Ukiachia pedali, upepo uliotumika unatolewa nje.

Kwa hiyo ndani ya busta kuna sehemu mbili ambapo mafuta na upepo vinatenganishwa na raba tu: kwenye fimbo inayoingia silinda ya mafuta, na kwenye pistoni ya kudhibiti. Raba mojawapo ikichoka, mafuta yanavuka kuingia upande wa upepo. Silinda ya upepo ni kubwa, inaweza kumeza mafuta mengi kabla tone moja halijatokea nje. Hiyo ndiyo siri ya gari kavu linalokunywa mafuta ya breki.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika chache. Toa upepo wote kwenye matenki, legeza njia ya kutolea upepo ya busta na uangalie ndani. Ukikuta unyevu wa mafuta ya breki, busta imehukumiwa. Mafuta ya DOT 5 ya jeshi, yaani ya silikoni, ni ya zambarau, kwa hiyo ni vigumu kuyadhania oili ya kompresa, ingawa yaliyozeeka hupauka rangi.

Pakiwa pakavu, usikisie, funga mfumo kipande kwa kipande. Anza na mlango wa kutokea mafuta kwenye master silinda: ufunge kwa plagi ya chuma yenye uzi sahihi, kisha kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika nzima. Pedali ikizama, raba za master silinda ndizo zinazopitisha ndani kwa ndani. Ikisimama kama jiwe, rudisha paipu, funga mlango wa busta unaokwenda kwenye magurudumu, rudia. Hapo ikizama, tatizo ni busta. Ikisimama, hamia kwenye matawi ya ekseli moja moja. Fanya majaribio haya matenki yakiwa matupu, la sivyo msaada wa upepo utakuficha ukweli, na plagi isiyokazwa vizuri inaweza kuruka.

Kilichomo ndani ya busta

Ukifungua busta ya lori la namna hii, ukuta wa silinda ya mafuta unakuwa laini na unang'aa sehemu ya juu, lakini sehemu ya chini kuna vishimo vya kutu, vingine vidogo kama ncha ya sindano, vimepangana kwa mstari pale maji yalipolala. Raba inapopita juu ya vishimo hivyo kila unapokanyaga breki, inachanika midomo taratibu.

Maji yametoka wapi, wakati DOT 5 inasifiwa kuwa hainyonyi maji? Jeshi la Marekani lilihamia mafuta haya ya silikoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa gari linalokaa stoo sababu zilikuwa nzuri: hayali rangi, hayanyonyi unyevu wa hewani. Lakini kutonyonya maji si kuyazuia yasiingie. Yanaingia kupitia njia ya hewa ya master silinda, kupitia kifuniko kilicholegea, kupitia mvuke wa hewani unaogeuka matone joto linapobadilika. Kwenye DOT 3 maji hayo yangeyeyuka na kusambaa. Kwenye DOT 5 yanabaki matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko silikoni, yanazama na kukaa sehemu za chini kabisa: busta na wili silinda, zile silinda ndogo za kwenye magurudumu. Huko yanakula chuma. Na dramu zikipata moto kwenye mteremko, tone la maji linachemka kwa nyuzi 100 kama maji ya sufuria, linageuka mvuke, na mvuke unaminyika chini ya pedali.

Upande wa upepo una kutu yake. M35A2 haikutoka kiwandani na kifaa cha kukausha upepo, kwa hiyo unyevu wote wa kompresa unaishia kwenye matenki, na koki za chini zisipofunguliwa mara kwa mara, maji yanasafiri hadi kwenye silinda kubwa ya busta. Matenki hayohayo yanaendesha pia waipa na honi, na dereva akiona waipa zimekuwa nzito au honi inatema maji, hiyo ni habari ya breki pia.

Sasa lile kosa la pili, DOT 3 juu ya DOT 5. Mafuta haya mawili hayachanganyiki. Yanakaa tabaka, na taka zake zinaziba vitundu vidogo vya master silinda. Kuna mtego mwingine dukani: DOT 5.1 si silikoni, ni ndugu ya DOT 3 na DOT 4. Kama hujui kilichomo kwenye lori ulilonunua, chota kidogo kwa sirinji, tia kwenye chupa safi ya kioo pamoja na maji kiasi kilekile, tikisa, acha itulie. Silikoni itajitenga na kuelea juu ya maji. DOT 3 itayeyuka humo na kuwa kimiminika kimoja. Ukiona tabaka pamoja na ukungu mzito, kuna mtu alishachanganya kabla yako.

Kwa nini kubadilisha busta peke yake ni hatari

Hili ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote. Busta iliyochoka ilikuwa inatoa presha pungufu. Mipira ya breki ya miaka mingi, iliyopasuka ngozi kwa jua, na wili silinda zenye vishimo vilevile, zilikuwa zinastahimili kwa sababu hazijasukumwa sawasawa. Funga busta mpya, presha inarudi kama ilivyopangwa kiwandani, na kitu dhaifu kinachofuata kwenye mnyororo kinapasuka. Kwa kawaida hakipasuki uani ukijaribu taratibu, kinapasuka siku ambayo umekanyaga kwa nguvu zote kwa sababu kuna mtu mbele yako. Lori la mkondo mmoja lililokaa yadi kwa miaka linatengenezwa breki zote au haliendi barabarani.

Orodha ya vipuri basi ni hii: busta moja, master silinda moja, wili silinda sita, mipira yote ya breki, sili za habu (vitovu) za magurudumu sita, na brekshuu, vile vipande vinavyobana dramu, pale zilipolowa oili. Paipu za chuma zikaguliwe hasa pale zinaposhikwa na klipu kwenye chesisi, maana kutu hujificha chini ya klipu. Paipu mpya iwe ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ncha zikunjwe mara mbili. Shaba tupu na viungio vya kubana havina nafasi kwenye breki.

Busta "mpya" ya jeshi iliyokaa kwenye sanduku lake tangu vita baridi isifungwe hivyohivyo. Raba zake zimekauka kwa umri hata kama hazijawahi kuguswa na mafuta. Ifunguliwe, itiwe seti mpya ya raba, ndipo ifungwe. Busta ya zamani nayo inaokoka kama vishimo ni vya juujuu na vinaondoka kwa kusugua kidogo kwa mawe ya kunolea silinda. Vishimo vinavyoshika ukucha vinahitaji silinda ivishwe ndani slivu, yaani bomba jembamba, ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba nyeupe, kazi ya karakana yenye mashine. Kusafisha sehemu zote za breki ni kwa spiriti peke yake. Petroli, dizeli na oili ya injini huvimbisha raba na kuziharibu, hata kwa mguso mdogo.

Kufungua magurudumu

Kabla ya jeki, weka magogo mbele na nyuma ya tairi. Breki ya mkono ya M35A2 haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya gia boksi ndogo (transfa), yaani inashika propela, ile shafti ndefu inayokwenda ekseli za nyuma. Ukichomoa shafti ya upande mmoja wa ekseli, difu inaruhusu, na ekseli hiyo haishikiliwi tena. Ukichomoa moja kwenye kila ekseli ya nyuma ili "kuharakisha kazi", breki ya mkono inashika propela tu na lori liko huru kuondoka na mtu chini yake. Fanya gurudumu moja hadi mwisho, lirudishe, ndipo uende la pili, na uzito ukae kwenye stendi imara za chuma, kamwe si kwenye jeki.

Nati za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume, zinafunguka kuelekea upande wa mwendo wa saa. Wengi wameshavunja bolti kwa kulazimisha. Nyuma kuna tairi pacha: nati ya nje inashika tairi la nje, na ndani yake kuna kofia ndefu inayoshika la ndani. Wakati wa kufunga, kaza kofia kwanza, ndipo nati ya nje. Kukaza upya baadaye ni hivyohivyo, legeza ya nje, kaza ya ndani, rudisha ya nje.

Rimu za lori hili zina ringi ya kufungia. Kazi ya breki haihitaji kuitoa, basi usiiguse. Ringi iliyoshika kutu ikiruka na upepo ndani ya tairi, inaua. Rimu yenye ufa au ringi iliyokaa upande itolewe upepo wote kwa kuchomoa moyo wa valvu kabla hata ya kulegeza nati moja.

Dramu haitoki peke yake. Inatoka pamoja na habu, na kwa hilo unachomoa shafti ya ekseli, kisha nati mbili kubwa za beringi kwa soketi ya inchi 3. Kupiga nati hizo kwa patasi ni desturi mbaya, inaharibu uzi wa kitu ambacho kinashikilia gurudumu zima. Kwa kuwa umeshafika hapo, badilisha sili hata kama zinaonekana nzima, osha beringi, zipake grisi mpya. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa kompresa. Laining za zamani, yaani bitana za brekshuu, zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe, lifute, tupa kitambaa. Brekshuu iliyokunywa oili ya difu haioshwi ikapona. Hutema oili tena ikipata moto.

Marekebisho ya brekshuu yako sehemu mbili. Chini kuna pini za egemeo, zinazoguswa tu unapofunga brekshuu mpya, kwa vipimo vya kitabu cha ufundi cha jeshi TM 9-2320-361-20. Marekebisho ya kawaida ni kwa bolti za juu nyuma ya sahani: zungusha hadi brekshuu iguse dramu, rudisha kidogo hadi gurudumu lizunguke bure. Kila brekshuu na bolti yake.

Jambo dogo linalosahaulika ni nafasi ya pedali. Fimbo ya pedali iache mwanya mdogo kabla ya kugusa pistoni ya master silinda. Fimbo ikiwa inasukuma hata kwa unywele, kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimefungwa, mafuta yakipata moto hayana pa kurudi, na breki zinajikaza zenyewe njiani mpaka dramu zitoe moshi.

Kujaza na kutoa hewa

Paipu zinazobaki zipulizwe kwa upepo mkavu, zipitishwe spiriti, zipulizwe tena hadi zikauke. Andaa mafuta kiasi cha galoni moja ya Marekani, karibu lita 3.8, ili usiwe mchoyo katika kusukuma ya kwanza nje. Kama unabaki na DOT 5, usitikise kopo, mimina taratibu. Silikoni inashika vipovu vidogo na kuviachia kwa uvivu, na ndiyo maana pedali hubaki laini hata baada ya kazi safi.

Matenki ya upepo yawe matupu. Anza na nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya busta, kwa kuwa hewa iliyonaswa hapo itarudi kusumbua magurudumu yote. Kisha gurudumu la mbali kabisa nyuma, ukija mbele, umalizie la mbele upande wa dereva. Chombo cha kusukuma mafuta kwa presha ndogo, psi 10 hadi 20, ni bora kuliko kupampu pedali. Kufika kwenye kifuniko kile cha sakafuni kila dakika kuangalia kimo ni kazi, na master silinda ikikauka mara moja unaanza upya. Acha lori usiku mzima, rudia zoezi kesho yake.

Majaribio yanaanza bila upepo. Pedali iwe juu na ngumu, breki zishike kwa nguvu ya mguu peke yake, ingawa kwa uzito. Halafu washa injini, acha upepo upite psi 100, kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie dakika nzima huku mtu mwingine akipita na tochi kwenye kila kiungio. Mlio wa upepo usiokatika mguu ukiwa umetulia unamaanisha busta inapitisha upepo. Kisha uwanja tambarare, mwendo wa kutembea, ndipo kusimama kwa nguvu mara kadhaa kwenye kilomita 30 kwa saa. Pima joto la kila dramu kwa kipimajoto cha infraredi: iliyo baridi haifanyi kazi, iliyo moto kupita wenzake inaburuta. Pima kimo cha mafuta kwa kijiti chenye alama kabla na baada ya kila safari za mwanzo, na kaza nati za magurudumu upya baada ya kilomita 80 hadi 150.

Baada ya hapo, kila mwaka fungua nipeli zote na utoe mafuta kidogo, hasa kwenye busta. Ukiyatoa kwenye chupa ya kioo utaona kama kuna tone la maji limekaa chini.

Swali la mkondo wa pili

Wakusanyaji wengi wanaoyaendesha malori haya barabarani huishia kufunga master silinda ya vyumba viwili na busta mbili, moja ya ekseli ya mbele na nyingine ya nyuma. Wanaopenda gari libaki kama lilivyotoka jeshini hawapendi, na kwa lori la maonyesho linaloshushwa kwenye trela hoja yao inasimama. Kwa lori linaloingia barabara kuu lenye tani 6 na watu nyuma, sisi tunashauri libadilishwe. Kazi yenyewe inataka mabano ya chuma yaliyochomelewa na mtu anayejua, uwiano sahihi kati ya kipenyo cha master silinda na safari ya pedali, na jaribio la kufunga kila mkondo kwa zamu ili kuhakikisha uliobaki unasimamisha gari kweli. Paipu za zamani na vizibo vyake zihifadhiwe kwenye sanduku lenye jina la lori, pamoja na busta ya awali iliyopakwa mafuta ya breki ndani na kuzibwa milango, kwa atakayelimiliki baadaye akitaka kulirudisha.